Kari ya Kijapani na Mkebe wa Mwingereza

Kuna makala iko mtandaoni, ya maneno mia tano hivi, inayosema kwamba kari ilifika Japani ikiletwa na mabaharia wa Kihindi waliotia nanga Yokohama. Ina picha nzuri ya sahani: wali upande mmoja, mchuzi wa kahawia upande wa pili. Juu yake pameandikwa jina la mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Makala hiyo niliiandika mimi. Nililipwa dola tatu. Na hiyo habari ya mabaharia wa Kihindi niliitunga saa nane usiku, kwa sababu ilikaa kama kitu kinachoweza kuwa kweli, na mteja alitaka kazi kabla ya asubuhi.

Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo miezi minne tu. Nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili. Nilipofika mwaka wa tatu karo ikakwama. Muhula mmoja ukapita, wa pili ukapita, halafu ukafika wakati ambapo hata karo ingepatikana ningeona aibu kurudi. Hayo ni mambo ya kawaida, wengi mnaosoma hapa mnayajua. Kinachoniuma ni kitu kingine. Nilifundishwa miaka miwili na nusu kuuliza "umejuaje?" kila ninaposoma sentensi ya historia, na bado nilikaa juu ya kitanda changu nikaandika uongo wa historia kwa pesa ya chai na mandazi. Tena kuhusu chakula ambacho sikuwa nimekionja.

Makala hii ni ya kurekebisha ile. Nimechelewa miaka miwili.

*

Kuionja kwenyewe kulitokana na hatia. Siku moja nilikuwa katika duka la vyakula vya Asia hapa Nairobi, nimetumwa na rafiki, nikaona pakiti ndogo ya kari ya Kijapani kwenye rafu. Niliinunua kama mtu anayeenda matanga ya jirani aliyemsema vibaya. Bei yake ilikuwa pesa yangu ya sukuma ya wiki nzima.

Ndani mlikuwa na kipande cheusi-kahawia, kigumu, kilichochorwa mistari ya kukatia, kama chokoleti. Ukinusa unapata bizari, halafu nyuma yake harufu ya unga uliokaangwa kwa mafuta. Mara ya kwanza nilivitupa vile vipande ndani ya sufuria maji yakiwa yanatokota, gesi imewaka mpaka mwisho. Vikawa mabonge. Nje laini, ndani unga mkavu. Nilikula hivyo hivyo kwa sababu pesa ilikuwa yangu. Mara ya pili nikafuata picha za nyuma ya pakiti: kaanga vitunguu polepole, tia nyama, tia karoti na waru, tia maji, acha viive. Halafu zima moto kabisa. Hapo ndipo unavunja vile vipande, unavikoroga mpaka viyeyuke, unarudisha moto mdogo. Mchuzi ukawa mzito, unang'aa, unashika mwiko.

Nilitarajia ladha ya Kihindi, kama ile ya hoteli za Ngara au Parklands. Sikuipata. Huu ulikuwa mchuzi mpole, wenye utamu kidogo, na pilipili yake inafika ukiwa umeshameza. Kilichonishtua ni kwamba niliujua. Ulikuwa ndugu wa mchuzi wa nyumbani Kitale, ule wa Jumapili, wa nyama kidogo na waru nyingi, Mama anapokoroga Mchuzi Mix kwa kikombe cha maji na kuumwagia juu mwishoni ili uwe mzito. Na kama ule wa Mama, huu nao ukilala mpaka kesho unakuwa mtamu zaidi. Kiporo chake ndicho chenyewe.

Sasa swali likawa linanisumbua. Kitu kilichozaliwa India, kikatengenezwa Japani, kimenunuliwa Nairobi. Kimekujaje kufanana na mchuzi wa Kitale? Nikaanza kusoma, safari hii bila mteja.

*

Jibu fupi ni Mwingereza. Jibu refu ndilo hili.

India yenyewe haina chakula kimoja kinachoitwa kari. Ina mamia ya michuzi, kila mmoja na jina lake na viungo vyake. Neno lenyewe kwa kawaida hufuatiliwa hadi Kitamil, likapitia kwa Wareno, likafika kwa Waingereza ambao walilitumia kwa kila kitu chenye majimaji na viungo. Mwaka 1747 Hannah Glasse alichapisha kitabu cha mapishi London chenye kari ndani yake. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Bihar, alifungua mkahawa wa chakula cha Kihindi mjini humo. Lakini Mwingereza wa kawaida hakutaka kusaga viungo kila siku. Alitaka kitu kimoja, kimeshachanganywa, kinakaa kabatini. Ndipo kampuni kama Crosse & Blackwell zikauza unga wa kari tayari, na wapishi wa Uingereza wakautia kwenye mchuzi ulioongezwa unga wa ngano, kwa namna yao ya kufanya mchuzi uwe mzito.

Huo ndio mchuzi uliofika Japani. Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa biashara na wageni mwaka 1859, na baada ya utawala wa Meiji kuanza mwaka 1868, serikali iliamua kujifunza kutoka Magharibi kila kitu: meli, shule, sheria, nguo, na hata namna ya kula.

Kula ndiko kulikuwa na ugumu wake. Tangu amri ya mfalme Tenmu ya mwaka 675, Japani ilikuwa na historia ndefu ya makatazo ya nyama. Si kwamba hakuna aliyekula, ila ng'ombe hakuwa chakula cha kuonyesha watu. Mwaka 1872 ikatangazwa kwamba mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Mwaka huo huo vilichapishwa vitabu viwili vya mapishi ya Kizungu vyenye kari. Kimojawapo kinataka kitunguu cha majani, tangawizi, kitunguu saumu, siagi, kamba, chaza, kuku, na chura. Ndiyo, chura. Vitunguu vya mviringo, waru na karoti, vitu ambavyo leo huwezi kutenganisha na kari ya Kijapani, havimo kabisa. Vilikuja kuzoeleka baadaye, kilimo chake kilipoenea, hasa kule kaskazini Hokkaido.

Na Wahindi wangu wa kwenye meli? Kumbe uongo wangu ulipita karibu na ukweli bila kuugusa. Katika miaka ya 1860 ujumbe wa Kijapani uliokuwa safarini kwenda Ulaya ulikutana na abiria Wahindi ndani ya meli, na mmoja wa wasafiri hao akaandika jinsi walivyokuwa wakimwagia wali kitu cha majimaji na kukichanganya kwa mikono. Hakupendezwa hata kidogo. Halafu mwaka 1871 kijana wa miaka 16 anayeitwa Yamakawa Kenjiro, mtoto wa samurai wa Aizu, upande ulioshindwa vitani mwaka 1868, alipanda meli kwenda kusoma Marekani. Chakula cha Kizungu kilimshinda. Akaagiza kari kwa sababu ilikuja na wali. Akala wali, mchuzi akauacha. Yamakawa alisomea fizikia Yale, na baadaye akawa rais wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo.

Kwa hivyo Mjapani alikutana na kari ya Mhindi akaiona uchafu, akakutana nayo kwa meza ya Mzungu akaiona maendeleo. Chakula kimoja, ila kimebadilisha aliyekibeba. Sisi tuliotawaliwa tunaijua hesabu hiyo.

*

Lakini vitabu vya mapishi havilishi watu wengi. Kilichoisambaza kari ni jeshi, na nyuma ya jeshi kuna ugonjwa.

Katika Japani ya wakati huo wali mweupe ulikuwa heshima. Kijijini mtu alikula shayiri, mtama, wali usiokobolewa sana. Ukienda mjini, ukiingia jeshini, unakula wali mweupe pe. Mtu yeyote aliyelelewa akisikia unga wa posho mill ukidharauliwa mbele ya unga wa pakiti uliokobolewa hahitaji kuelezwa zaidi. Ila pamoja na huo weupe ulikuja ugonjwa walioita kakke, beriberi kwa jina la hospitalini. Miguu inakufa ganzi, inavimba, unashindwa kutembea, mwishowe moyo unasimama.

Desemba 1882 meli ya kivita Ryujo iliondoka Japani kwa safari ya mafunzo kupitia New Zealand, Amerika Kusini na Hawaii. Ilikuwa na watu 376. Waliougua beriberi ni 169, na 25 wakafa. Hakukuwa na vita. Waliuawa na sahani.

Daktari wa wanamaji, Takaki Kanehiro, alikuwa amesoma London, katika hospitali ya St Thomas', na alikuwa ameona kwamba ugonjwa huu hauwasumbui mabaharia wa Ulaya. Akaanza kuangalia ni nani anaugua. Aliona kwamba maofisa hawaugui sana kama mabaharia wa chini. Akaona kwamba mabaharia hao hupewa pesa ya kununua vyakula vya kuandamana na wali, na wengi wanaiweka akiba na kula wali mtupu. Akashawishi wakubwa wafanye jaribio: mwaka 1884 meli nyingine, Tsukuba, ikafuata njia ile ile ya Ryujo, lakini chakula kimebadilishwa, nyama, maziwa, mkate, wali umepunguzwa. Hakufa hata mmoja wa beriberi, na walioumwa walikuwa wachache sana. Ndani ya miaka michache ugonjwa ukakaribia kuisha kabisa katika jeshi la wanamaji.

Jeshi la nchi kavu lilikataa kuamini. Madaktari wake wakubwa, akiwemo Mori Ogai aliyesomea Ujerumani na ambaye pia ni mmoja wa waandishi wakubwa wa fasihi ya Kijapani, walishikilia kwamba beriberi huletwa na vijidudu. Wakaendelea kuwapa askari wali mweupe. Katika vita na Urusi, mwaka 1904 hadi 1905, askari wapatao 250,000 waliugua, na karibu 27,000 wakafa kwa ugonjwa huo.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilifurahi kuliko inavyofaa. Mtu aliyeacha chuo hupenda sana hadithi za maprofesa waliokosea. Nilitaka kuandika makala nzima ya namna hiyo: tazameni shahada zenu. Lakini nikaendelea kusoma, na furaha ikapungua. Takaki naye alikuwa msomi, amekaa miaka mitano London. Na maelezo yake pia yalikuwa na kosa. Alidhani shida ni upungufu wa protini. Shida yenyewe ilikuwa vitamini B1, ambayo hutupwa na pumba wakati mchele unapokobolewa. Mwaka 1910 mwanakemia Suzuki Umetaro alifaulu kutoa kitu hicho kwenye pumba za mchele. Takaki hakuwashinda wenzake kwa kuwa hakusoma. Aliwashinda kwa sababu alihesabu wagonjwa, akabadilisha sahani, akahesabu tena. Kitu kile kile nilichofundishwa darasani na nikakitupa usiku mmoja kwa dola tatu.

*

Takaki alikuwa na shida nyingine: mabaharia walichukia mkate. Inasimuliwa kwamba waliutupa baharini. Kuanzia mwaka 1885 wakapewa wali uliochanganywa na shayiri, ambao nao hawakuupenda, maana ulikumbusha umaskini wa nyumbani. Sasa utamlishaje kijana wa kijijini nyama, unga wa ngano na mboga za kigeni bila kumnyang'anya wali wake?

Unamwagia juu.

Sitaki kurudia kosa langu, kwa hivyo wacha niwe mwangalifu hapa. Kari haikubuniwa ili kutibu beriberi, na si Takaki aliyeileta. Ila jeshi lililokuwa limejifunza kwa vifo kwamba wali peke yake unaua, lilihitaji chakula cha sufuria moja, cha watu wengi, kinachofunika harufu ya nyama ambayo vijana hawakuizoea. Mwaka 1908 jeshi la wanamaji lilichapisha kitabu cha mapishi, na kari ya wali imo: nyama ya ng'ombe au kuku, karoti, vitunguu, waru, unga wa kari, na unga wa ngano unaokaangwa kwa mafuta. Chura ameondoka. Ile pakiti yangu ilikuwa ni ukurasa huo umekaushwa.

Jeshi la nchi kavu pia lilipika kari, na vijana walipomaliza utumishi walirudi kwao na ladha hiyo mdomoni. Mpaka leo wanamaji wa Japani hula kari kila Ijumaa, na husemwa kwamba husaidia mtu aliye baharini kujua wiki imeisha. Mji wa Yokosuka, wenye kambi kubwa ya wanamaji, ulijitangaza kuwa mji wa kari mwaka 1999.

Hapa ndipo Kenya inaingia, kwa sababu swali la Kitale linajibika. Kwetu Mhindi alikuja mwenyewe. Pwani ilikuwa imefanya biashara na India karne nyingi kabla ya Mwingereza, na kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli. Chapati, bizari, sambusa, vyote vina mpishi aliyeonekana. Japani ilipata kari bila Mhindi, ndani ya mkebe wenye maandishi ya Kiingereza. Lakini nchi zote mbili zikaishia pahali pamoja: mchuzi wa waru na karoti, wa bizari, uliofanywa mzito kwa kitu cha pakiti, wa kumwagia juu ya wanga. Njia mbili tofauti, na penye njia panda kasimama mfanyabiashara yule yule wa London.

*

Kuhusu huo mkebe kuna kisa nilichokipenda kuliko vyote.

Kwa muda mrefu hoteli za Japani ziliamini kwamba unga wa kari wa kweli ni ule wa Crosse & Blackwell. Wajapani walikuwa wameanza kuchanganya wa kwao; Yamazaki Minejiro, mwanzilishi wa kampuni inayojulikana leo kama S&B, alifaulu kutengeneza unga wake mwaka 1923. Lakini mpishi wa hoteli ya heshima angeutumiaje unga wa mtaani? Halafu mwaka 1931 ikafichuka kwamba kuna watu wamekuwa wakijaza unga wa bei rahisi wa Kijapani ndani ya mikebe ya Crosse & Blackwell na kuiuza kama ya Uingereza. Ilikuwa kashfa kubwa. Ila baada ya kelele, watu wakabaki na swali la aibu: mbona hakuna aliyeonja tofauti? Wapishi walikuwa wamesifu unga wa nyumbani kwa sababu ya jina lililoandikwa nje. Imani katika unga wa Kijapani ikaongezeka tangu hapo.

Nilisoma kisa hicho nikafunga kompyuta nikaenda kusimama nje kidogo. Mimi ni unga wa ndani. Majina yaliyo juu ya makala zangu ni mikebe. Kwa miaka miwili nilikuwa nimejihesabu kuwa aliyeibiwa. Lakini mwenye kuujaza mkebe naye ana hatia yake, hasa akijaza takataka akijua jina la mwingine ndilo litakalobeba lawama. Na ukweli usemwe, ningekuwa naandika kwa jina langu nisingewatunga wale mabaharia.

*

Mhindi hatimaye alifika kwenye hadithi hii, na alifika akikimbia.

Rash Behari Bose alikuwa mwanamapinduzi aliyehusika katika jaribio la kumuua Lord Hardinge, mtawala wa Waingereza nchini India, kwa bomu mjini Delhi mwaka 1912. Mwaka 1915 alitorokea Japani. Waingereza wakataka afukuzwe, na serikali ya Japani, wakati huo rafiki ya Uingereza, ikatoa amri aondoke. Wenye duka la mikate la Nakamuraya pale Shinjuku, Soma Aizo na mkewe Kokko, wakamficha nyuma ya duka lao. Mwaka 1918 akamwoa binti yao, Toshiko, ambaye alifariki mwaka 1925 angali kijana.

Bose hakuipenda kari ya Wajapani. Kwake ilikuwa chakula cha adui: mchuzi wa Mwingereza, umejaa unga wa ngano, unaitwa wa Kihindi. Mwaka 1927 Nakamuraya ilipofungua mkahawa, ikaanza kuuza kari kwa mapishi yake, ya kuku, isiyofanywa mzito kwa unga. Sahani moja iliuzwa seni 80, wakati kari ya kawaida ilikuwa seni 10 au 12. Watu walinunua. Nakamuraya bado ipo, na huitangaza kari hiyo kuwa ladha ya mapenzi na mapinduzi.

Ingekuwa rahisi kumalizia Bose hapo, shujaa na sufuria yake. Lakini Japani iliyomhifadhi ilikuwa imeitwaa Korea mwaka 1910, na Taiwan kabla ya hapo, na kari ya Kijapani ilifika huko kama ile ya Uingereza ilivyofika Yokohama, pamoja na wenye kutawala. Bose alijiunga na milki moja ili kuiangusha nyingine. Alishiriki kuunda jeshi la Wahindi lililopigana upande wa Japani, na alifariki Tokyo Januari 1945, wakati jeshi hilo likirudishwa nyuma kule Burma. Miongoni mwa waliokuwa wakilisukuma jeshi la Japani nyuma huko walikuwa askari wa KAR kutoka huku kwetu, wakipigania mfalme yule yule ambaye Bose alitaka aondoke India. Kila nikijaribu kujua nani yuko upande gani katika picha hiyo, nashindwa.

Vita hivyo vilifika mpaka kwenye jina la chakula. Jeshi la nchi kavu la Japani, likikwepa maneno ya Kiingereza, liliacha kusema "kare raisu" na badala yake likatumia jina refu lenye maana ya wali uliomwagiwa mchuzi wenye ukali. Kari ikabaki ile ile.

*

Baada ya vita ndipo kari ikawa ya watoto. Viwanda vikaacha kuuza unga peke yake, vikauza unga wa kari ambao tayari umekaangwa pamoja na mafuta na ngano na kugandishwa kuwa vipande. Mwaka 1963 kampuni ya House ilitoa Vermont Curry, yenye tofaa na asali, isiyo kali, ili mtoto ale sahani moja na mzazi. Mwaka 1966 S&B ikatoa vipande vya Golden Curry. Mwaka 1968 ikaja Bon Curry, kari iliyopikwa kabisa na kufungwa kwenye mfuko wa kuchemshwa tu. Januari 22, 1982, shule kote Japani zilipika kari kwa chakula cha mchana siku moja. Ukimwuliza Mjapani wa leo chakula cha Mama, huenda akakutajia kari kabla ya samaki mbichi. Na mwaka 2020 kampuni ya CoCo Ichibanya, iliyoanza na mkahawa mmoja mwaka 1978, ilifungua mkahawa Gurugram, karibu na Delhi. Kari imerudi India kama mgeni, na inalipiwa kama mgeni.

Nilimwandikia yule mteja nikamwomba arekebishe sentensi ya mabaharia. Nilimtumia na maandishi sahihi, bure. Alinijibu kwa heshima kwamba makala inasomwa vizuri, haoni sababu ya kuigusa. Bado iko.

Mwezi wa nne Mama alinitembelea, mara yake ya kwanza kuingia nyumba yangu. Alikuja na gunia dogo la waru na maswali ambayo hakuyauliza. Nilimpikia kari. Alikula kimya, akaongeza, kisha akasema, "Baba, hii ni Mchuzi Mix umeifanyia nini?" Nikamwonyesha pakiti. Akaigeuza huku na huku akitafuta neno analolisoma. Siku ya kuondoka akaibeba iliyobaki.

Wiki iliyopita alinipigia. Alitia vipande viwili kwa nyama ya Jumapili, akaongeza dania, majirani wakauliza ni nini. "Nimewaambia ni ya Wahindi."

"Mama, si ya Wahindi. Yaani, ni yao, lakini ilipitia kwa Waingereza, halafu kukawa na meli moja, watu wakafa..."

"Umejuaje hayo yote?"

"Nimesoma."

Akanyamaza kidogo. Nilidhani sasa atauliza habari ya chuo. Badala yake akasema simu inakaribia kuishiwa na chaji, na hadithi inaonekana ni ndefu, nimwandikie.

Ndiyo hii, Mama.